Nyinyi mnaoshika profaili za biashara za watu kwa ramani ya Google hapa Mombasa, mkome!

Wadau salaam aleikum. Admin usiufunge huu uzi, najua naongea kwa hasira lakini jambo lenyewe laudhi.

Kuna hawa vijana wa "dijitali maketingi" wazunguka Mji wa Kale na tableti mkononi, Kibokoni mpaka kule Markiti, waingia kila kijihoteli na kila duka la leso, "mama biashara yako haionekani mtandaoni, sisi tutakuweka". Mamangu auza mahamri na mbaazi asubuhi, mchana pilau, akasema haya niwekeni, akawatumia M-Pesa 3,000. Kumbe wamefungua profaili kwa imeili YAO, owner ni wao. Mwenye sufuria na leseni ya kaunti, mtu aamkaye saa tisa usiku kukanda unga, hana uwezo hata wa kubadilisha namba ya simu!!

Na kuweka biashara kwa ramani ni BURE jamani. Google hawatozi hata ndururu. Wafungua kwa imeili yako, ukiambiwa uthibitishe kwa video wachukua simu waonyesha barabara, kibao cha mlangoni, halafu waingia ndani waonyesha ni pako, basi. Fundi wa mtandao ukimtaka mpe umeneja tu, meneja hubadilisha saa na picha lakini hawezi kukutoa wewe mwenyewe. Hilo hawa jamaa walijua vizuri sana, ndiyo maana hawakusema.

Sasa Ramadhani ikafika. Mchana tumefunga, twafungua alasiri kwa futari, na ramani yasema tuko wazi toka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyeji wa Kibokoni hana haja na ramani, yeye ajua. Anayetafuta kwa simu ni mgeni, mbara aliyeshuka na treni ya SGR ameachwa pale Ngomeni na watoto wana njaa, ukimleta mpaka mlangoni akakuta kufuli yuaandika nini? Nyota 1, "wamefunga na wamesema wako wazi". Namlaumu vipi? Nikampigia kijana abadilishe saa, kitu cha dakika mbili, ajibu eti "bosi lete kwanza 2,500 ya kurinyu", yaani kulipia upya. Kurinyu nini na hicho kitu ni cha bure?

Halafu akaona atupoze na riviu. Hatukumwomba, asubuhi moja tukaamka tuna nyota 5 zimepangana, majina hata hatuyajui, mmoja kaandika vyumba visafi na swimming pool iko poa. Wallahi swimming pool! Pale pana meza nne na tangi la maji juu ya paa. Riviu za kununua au za kupewa zawadi zimekatazwa na Google wenyewe, zaweza kufutwa, lakini hata zisipofutwa mgeni akishasoma hiyo ya swimming pool ataamini vipi yule aliyesifu mbaazi zetu kwa haki? Tulikuwa na riviu chache za watu waliokula kweli, moja hata na picha ya sahani, sasa zimezikwa humo humo.

Nikaomba umiliki kwa Google, sheria ni kwamba aliyeshika ana siku 3 za kujibu. Akajibu haraka haraka. Amekataa. Nimekata rufaa na leseni na picha za kibao, na jana katuma voisi noti eti nikiendelea ataandika "imefungwa kabisa" watu wasije tena. Hii si ujambazi?

Na mtu asije hapa kusema mamako angesoma kwanza. Asome nini, alipewa karatasi gani? Mtu mzima amekuja kwa adabu, kanywa na chai ya bure, we ungemshuku?

Walio Bondeni, Majengo, Likoni mliofanyiwa hivi na watu wa tableti wekeni hapa chini. Mimi mesiji za M-Pesa ninazo na hiyo voisi noti nimeiseivu, tukiwa wengi twaenda polisi pamoja. Na mliofanikiwa kwa hiyo rufaa, mliambatanisha nini?