Vidoti vyeusi jichoni, daktari kanitajia CMV. Naombeni ushauri

Dagaa_Kibirizi: Wakuu, nipo Kigoma, nauza dagaa Kibirizi. Wiki ya tatu hii jicho la kulia linaona vidoti vyeusi. Nikipima dagaa kwenye sado nadhani inzi katua, namfukuza, kumbe yumo jichoni mwangu. Haliumi wala si jekundu. Juzi nikifumba la kushoto, sikukiona kidevu cha mteja. Daktari kaandika CMV. Ndiyo nini? Inatibika?

Babu_Ujiji: Pole mwanangu. Marehemu mama alianza hivyohivyo, kumbe mtoto wa jicho. Alipofunguliwa bandeji alishangaa mjukuu wake kaota ndevu.

Kijana_Katubuka: Punguza simu usiku kaka, hasa ukishazima taa.

Sista_Mwanga: CMV, yaani sitomegalovirasi, ni kirusi cha ukoo mmoja na cha tetekuwanga. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa mate, mkojo, hata maziwa ya mama. Kikiingia hakitoki, kinalala. Mwenye kinga nzuri hata hajui anacho. Kinatisha kwa mimba, maana mtoto anaweza kuzaliwa akapoteza usikivu, kwa aliyepandikizwa figo, na kwa aliyeshuka kinga. Nakuuliza bila kukuhukumu: VVU ulipima lini?

Dagaa_Kibirizi: Dada, nimeuliza jicho.

Sista_Mwanga: Na mimi najibu jicho. CD4, yaani seli za kinga, zikishuka chini ya 50, kirusi hiki kinaamka na kula retina, pazia la nyuma ya jicho. Hakiumi, ndiyo maana watu wanachelewa.

Dagaa_Kibirizi: Sawa. Nilianza dawa 2019. Nilipohamia huku kutoka Tabora nikaacha, mwaka na zaidi sasa. CTC, kliniki ya dawa za VVU, ya karibu wakwe zangu wanapita mlangoni. Na sikuwa naumwa! Kuna mzee Uvinza ananipa mizizi, nimeshamlipa nusu. Namaliza mwezi huu kwanza, ndipo niende hospitali.

Mama_Imani: Mkeo anajua? Unamlaza mtoto wa watu na siri hiyo? Muogope Mungu.

Mpelelezi_Kasulu: Chai hii. Kwenye uzi mwingine huyu anauza asali Tabora. Na kipofu gani anaandika aya zilizonyooka hivi?

Dagaa_Kibirizi: Jicho moja, ndugu. La kushoto ndilo linalosoma maneno yako. Asali niliuza kabla sijahama, angalia tarehe.

Babu_Ujiji: Mpelelezi, mwache kijana.

Sista_Mwanga: Hata kama ni ya kutunga, mwenye shida hii kweli anasoma hapa. Retina ikishakufa hairudi. Gansiklovia, dawa ya kirusi hiki, inaokoa iliyobaki, na jicho la pili. Mwezi mmoja ni mwingi mno. Nenda hospitali ya Maweni, waeleze kwamba uliacha dawa, usifiche. Watakutia matone ya kupanua mboni waone hadi nyuma. Na vidonge vya zamani usivirudie kimyakimya, ngoja wakuongoze.

Mwenzenu_2011: Kaka, si lazima CTC ya mtaani kwako. Naishi Mwanga, dawa nachukulia Ujiji, mwaka wa kumi na kitu huu. Omba uhamisho, ni haki yako. Mimi pia niliwahi kuacha, kwa aibu hiyohiyo. Mke wangu nilimwambia mimi mwenyewe, jikoni, akiwa anachambua dagaa. Hakusema kitu, akaendelea kuchambua. Kesho yake tukaenda kupima wote.

Dagaa_Kibirizi: Sikutaka kuliandika hili. Tangu asubuhi la kushoto nalo lina kidoti kimoja. Maweni, foleni ya macho inaanza saa ngapi?