Paka wetu wa miaka 17, figo zimekwisha. Siku ya kumlaza tutaijuaje?

Binti Kibokoni

Assalaam alaykum wenzangu, na wasio Waislamu habari zenu. Naomba mawazo, hasa ya waliofuga paka mpaka akazeeka mikononi mwao.

Zabibu ni jike, mweusi tititi, ana miaka 17. Marehemu babangu alimwokota Marikiti akiwa kitoto, akaja naye nyumbani ndani ya kikapu cha maembe. Baba alipofariki, Zabibu akahamia kitandani kwa mama. Sisi mchana kutwa tuko makazini, mama hana wa kuzungumza naye ila huyo. Ndiyo sababu nawaandikia kwa urefu.

Figo zilianza mwaka juzi. Akawa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, na huku anakonda. Daktari wa mifugo akatufundisha kumtia dripu chini ya ngozi, kati ya mabega: mimi nainua ngozi naingiza sindano, mdogo wangu anaishikilia chupa juu. Ilimsaidia sana. Alirudi kupanda dirishani na kuwagombeza kunguru wa kwa jirani.

Mwezi huu mambo yamegeuka. Kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, imefika 690. Anaingia chooni, anapanda ukingo wa birika, anainama mpaka kidevu karibu kiguse maji, kisha anabaki hivyo hivyo. Hanywi. Nafua nguo, naanika, narudi, namkuta pale pale. Tasi wa kuchemsha, niliyemtoa miba mmoja mmoja, anamnusa kisha anageuza uso. Mdomo unanuka. Manyoya ya mgongoni yameshikamana kwa sababu hajirambi tena, na huyu alikuwa paka wa kujisafisha hata akitoka kulala. Dripu nayo siku hizi akiona tu chupa anaingia uvunguni.

Daktari amesema tufikirie kumlaza kwa sindano asiamke tena. Mama amekataa katakata: aliyemtia roho ndiye atakayeitoa. Usiku Zabibu akitapika, mama ndiye anayeamka kumpangusa, na asubuhi ananiambia amelala vizuri.

Ninyi mlijuaje kwamba siku imefika? Na kwa mama nianzie wapi?

Mama Wawili, Bamburi

Pole sana dada. Wetu alikuwa na uvimbe wa mdomoni, si figo, lakini njia ni ile ile.

Lililotusaidia ni kalenda ya ukutani, zile za bure za dukani. Kwanza tulikaa tukakubaliana mambo matatu ambayo paka wetu akiyakosa basi si yeye tena: kuja mlangoni mume wangu akirudi, kula mwenyewe bila kulazimishwa, na kulala juu ya friji. Kila jioni tunatia alama, siku njema au mbaya. Siku mbaya zilipofuatana, hakuna aliyehitaji kumshawishi mwenzake, sote tulikuwa tunaiona.

Kwenu kalamu mpe mama. Yeye ndiye anayekaa naye mchana na yeye ndiye anayeamka usiku. Usimletee uamuzi uliokwisha kupikwa huko kwa daktari, mwache ayaone kwa macho yake na kuyaandika kwa mkono wake.

Kaka wa Majengo

Mimi nasema mbona haraka hivyo? Paka siku yake ikifika hujitenga pembeni akafa kwa amani, hatuhitaji sindano. Mpeni robo ya Panadol maumivu yapungue, mengine mwachieni Mungu.

Daktari wa Ng'ambo

Kaka wa Majengo, najua umesema kwa huruma, lakini hilo la Panadol lazima nilisimamishe hapa kabla mtu hajalifanya. Paka hapewi paracetamol hata chembe. Mwili wake hauna njia ya kuivunja. Damu inashindwa kubeba hewa, uso na nyayo zinavimba, na anakufa kwa kukosa pumzi. Diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, nayo inamaliza figo zilizobaki. Dawa zetu za kabatini zisimguse.

Na hilo la kujitenga: paka hujificha kwa sababu anaumwa, amani iko mbali. Figo zikishindwa kabisa, sumu inajaa katika damu. Vidonda hutoka mdomoni na kwenye ulimi, kutapika hakukomi, wengine huingia degedege. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Nimeitwa saa tisa za usiku kwenye nyumba za aina hiyo, na familia nzima iko sakafuni inalia. Ningependa kuitwa asubuhi yake.

Dada, kipimo cha kimataifa cha figo za paka kina hatua nne, na ya nne huanza kreatinini inapopita 440. Kwa hiyo 690 si mchezo. Lakini namba peke yake haiamui. Kule kuinamia maji bila kunywa ndiko kunakonishughulisha zaidi: mara nyingi ni kichefuchefu. Muulize daktari wako kama amempa maropitant ya kichefuchefu na mirtazapine ya kufungua hamu ya chakula. Kama bado, apewe, muone siku mbili tatu. Akirudi kula na kujiramba, mmepata muda, ingawa si mwingi. Asiporudi, mmepata jibu.

Kalenda ya Mama Wawili ni nzuri. Ukitaka kuijazia, daktari wa Marekani Alice Villalobos alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 hali inavumilika. Kila mmoja nyumbani ajaze peke yake, ndipo mlinganishe.

Mwalimu wa Chuoni

Mwanangu, mpe mama salamu zangu, na usimwone mkaidi. Neno lake lina mizizi. Masheikh wenyewe katika jambo hili wamesema mawili: wapo wanaosema mnyama aachwe mpaka siku yake ifike, na wapo wanaoruhusu kumpumzisha aliye katika mateso yasiyo na tiba. Basi aliyechukua kauli moja asimhukumu mwenzake.

Ninalolijua kwa yakini ni hili. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akasema Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Na tumeamrishwa ihsani katika kila kitu, hata kwa mnyama anayechinjwa: kisu kinolewe, apunguziwe taabu. Mama akae na sheikh anayemwamini, amweleze hali ya paka kama ilivyo, kutapika na yote. Aeleze yeye mwenyewe, usimwelezee wewe.

Binti Kibokoni

Nimesoma majibu yote kwa sauti jana baada ya isha, mama amekaa kitandani na Zabibu miguuni pake. Kwenye vidonda vya ulimi alinikatiza. Akamfunua mdomo taratibu, akatazama chini ya taa. Vipo. Hakusema neno.

Leo asubuhi amenituma nikanunue kalenda, na baada ya ijumaa anakwenda kwa sheikh wake. Dawa ya kichefuchefu amechomwa leo, tumepatana tumwangalie mpaka Jumatatu. Mama ana maswali mawili kwa daktari: ikibidi, atampakata? Na ataumia?

Daktari wa Ng'ambo

Mwambie mama ndiyo, ampakate. Muombe daktari aje nyumbani, maana safari ya joto na honi inamtesa mgonjwa bure. Muulizeni pia namba yake ya usajili kwenye Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka awe nayo, na mjini wapo wauza dawa za kuku wanaojiita madaktari.

Kwanza anachomwa sindano ya usingizi, kama chanjo tu. Ndani ya robo saa hivi amelala fofofo. Hapo ndipo inaingia ya pili kwenye mshipa, na moyo husimama katika dakika moja au mbili. Hiyo ya pili haisikii. Mama ajue mapema kwamba macho yatabaki wazi, huenda mwili ukashtuka au ukavuta pumzi baada ya moyo kusimama, na mkojo unaweza kutoka. Wekeni taulo chini ya kanga.

Jambo moja linalosahaulika: dawa hiyo inabaki mwilini, na mbwa au kunguru akifukua akala naye anaweza kufa. Mji wa Kale hamna ua wa kuzikia, kwa hiyo kama mna jamaa mwenye shamba Mtwapa au Kisauni, zungumzeni naye kabla ya Jumatatu, shimo liwe na kina cha mita moja.