Mrejesho: niliiacha hadiwea ya mjomba

Ndugu zangu, Aprili niliuliza kama niache kibarua cha likizo kwenye hadiwea ya mjomba hapa Kibuye, niingie programu ya chuo inayoandaa wanafunzi wa shahada kwa kazi za serikali. Wengi mlisema posho yake ni ya nauli tu. Ni kweli, na ilichelewa wiki tatu. Nimekopa omena hadi muuzaji akaanza kuniita mwanawe.

Lakini nilienda. Nikapelekwa ofisi ya wadi, moja kati ya 35 za Kaunti ya Kisumu. Nilidhani nitabeba faili. Kumbe siku ya pili napewa kitabu cha makadirio ya bajeti, kile ambacho sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kifike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, nikieleze kwenye baraza. Kwa Kiswahili na Dholuo!

Mama mmoja muuza samaki akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa mtaro wa soko lao. "Kijana wangu, hii ni ile pesa ya mwaka jana au ni nyingine?" Nikakwama. Afisa naye akakwama. Usiku tukapekua kitabu cha mwaka uliopita: mradi ni uleule, umerudishwa tu. Kesho yake nikamfuata sokoni kumwambia. Hakushangaa.

Nikihitimu nitaomba intanshipu ya miezi 12 ya Tume ya Utumishi wa Umma. Mjomba bado amenuna.