Bango la treni ya Dodoma: nichore treni au niiache nje?

Mchoraji wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka na saluni hapa Dodoma, kwa brashi na kwa skrini, yaani kitambaa cha wavu kinachopitisha wino. Hii ninayoileta hakuna aliyenituma: nataka kutoa mabango ya karatasi ya treni ya umeme, Dodoma hadi Dar, kwa mtindo wa yale ya zamani ya Ulaya, niwauzie wanaopenda kutundika ukutani.

Linalonikosesha usingizi ni la Cassandre, mchoraji wa mabango wa Ufaransa, la 1927, la treni ya Étoile du Nord iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Amsterdam. Treni haimo kabisa! Reli zinaanzia chini zikiwa nene, zinapishana, zinapanda zikisinyaa mpaka karibu na juu ya karatasi, na huko mwisho kuna nyota. Upeo wa macho ameuweka juu mno, kwa hiyo karibu karatasi yote ni ardhi na chuma. Ukilitazama unapata hamu ya kusafiri. Kazi kama hiyo inanifanya niiheshimu zaidi fani yetu.

Sasa, kwetu treni yenyewe bado ni habari. Imeanza kuleta abiria Dodoma 2024, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Nikiiacha nje, mtu wa Majengo atajua nauza nini? Na rangi je? Kila rangi ni skrini yake na gharama yake.

Mwalimu wa Kondoa
Iache nje. Mwaka 1908 John Hassall alilichorea shirika la reli la Great Northern la Uingereza bango la mji wa pwani wa Skegness. Mvuvi mnene, mzee, anarukaruka mchangani kwa furaha. Basi. Pwani ile ina upepo wa baridi, na maneno ya bango hayakuuficha: yalisema hewa ya pale inachangamsha mwili. Kasoro ya mji ndiyo ikawa sifa yake. Kwa hiyo na wewe usiipake Dodoma majani mabichi isiyokuwa nayo. Chora ukame wetu: mbuyu usio na jani hata moja, ardhi nyekundu, mawe makubwa, na upepo.

Fundi Skrini
Rangi nne zinatosha, ukihesabu na weupe wa karatasi. Zamani walichapa kwa mawe au bati, kila rangi na lake, shida yako hiyohiyo. Mtazame Tom Purvis aliyechorea LNER, shirika jingine la reli la Uingereza: mapande makubwa ya rangi, hana mistari ya kuzungushia umbo. Mtu anaonekana kwa kivuli chake tu, sehemu yenye jua kaiacha iungane na mchanga. Jicho linamalizia lenyewe. Jua letu la saa saba linakata vivuli hivyohivyo, litumie. Halafu maandishi: LNER mwaka 1929 walichagua aina moja ya herufi, Gill Sans, itumike kwenye kazi zao zote. Nawe chagua herufi za aina moja kwa mabango yote, usichanganye tatu kama tunavyofanya kwenye saluni.

Mama Saranda
Mwanangu, hawa walimu wako sikubaliani nao. Nimekulia Saranda kando ya reli ya zamani, ile iliyofika Dodoma 1910. Treni ikisimama tulikuwa tunakimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha. Mpaka leo ninachokumbuka ni dirisha na mtu anayechungulia, bogi lilikuwa na rangi gani hata sijui. Bango lisilo na dalili ya treni mimi nitadhani ni la mbuga za wanyama.

Mchoraji wa Nkuhungu
Shikamoo mama. Umenifungulia mlango. Nitachora kutoka ndani: fremu ya dirisha iwe nyeusi, nene, imezunguka karatasi yote, hiyo ndiyo treni. Nje mbuyu mmoja na mawe. Mwalimu, majani sitaweka hata moja, ila mizabibu kidogo chini kushoto lazima, Dodoma bila zabibu haijakamilika. Fundi, nahesabu hivi: nyeusi, nyekundu ya udongo, bluu ya anga, na karatasi yenyewe iwe jua kwenye mawe. Zabibu nitazipata kwa kulaza bluu juu ya nyekundu, kama wino wako unapitisha rangi ya chini ionekane. Unapitisha?

Fundi Skrini
Unapitisha, ila uchanganye na wino usio na rangi kwanza. Njoo na karatasi ya majaribio.