Watafiti wa uzee wamemrudia Mzee Bombo: aendelee nao au akatae?

BintiBombo:
Asalaam alaikum wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kufanya kazi za utafiti.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, yuko Bombo, hapa Uganda, ameshapita miaka sabini. Huko nyuma walikuja watafiti wakiongozwa na mtu wa LC1 (baraza la kijiji), wakamhoji kuhusu afya yake, kazi alizofanya, watoto wanaomsaidia na jinsi anavyoishi kwa pensheni. Sasa wamerudi. Safari hii wanataka pia kumpima presha, sukari na nguvu ya mkono, na kumtoa damu. Halafu wanasema watakuwa wanarudi kila baada ya miaka miwili.

Kaka zangu hawataki kusikia. Wanahofia maswali ya shamba na pesa yatafanya pensheni iguswe. Wanauliza pia, kama ni utafiti wa kweli, mbona hawaendi nyumba nyingine? Majirani nao wanadhani anaandikishwa pesa za wazee. Lakini Mzee mwenyewe anawapenda. Aliniambia hakuna mtu mwingine anayekaa naye muda wote huo kumsikiliza. Neno hilo limeniingia. Nimshauri nini?

Mhojaji wa Zamani:
Dada, wa alaikum salaam. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nijibu la kaka zako kwanza. Wanarudi kwa mtu yuleyule kwa sababu hapo ndipo faida yote ilipo. Ukiuliza watu mara moja tu, utakuta waliostaafu ni wagonjwa kuliko wanaofanya kazi. Sasa je, ugonjwa ndio uliowatoa kazini, au ni kukaa bila kazi kulikowadhoofisha? Huwezi kujua mpaka umfuate mtu mmoja tangu akiwa na nguvu zake. Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kinafanya hivyo tangu 1992: watu takriban 20,000 waliopita miaka 50, kila baada ya miaka miwili. Uingereza walianza 2002. Afrika Kusini wazee wa Agincourt, eneo la vijijini, wanafuatwa vivyo hivyo. Mzee akitoka, jirani hawezi kujaza nafasi yake, maana historia yake hanayo.

Kuhusu pensheni, majibu huhifadhiwa kwa namba, si kwa jina, na tuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019. Ila someni fomu ya ridhaa vizuri. Tafiti nyingine huomba ruhusa ya kuangalia kumbukumbu za mafao ya mtu. Kipengele hicho kikiwemo, ana haki ya kukikataa na kuendelea na mengine. Damu vilevile: anaweza kujibu maswali na asitoe hata tone.

Mama Zaitun:
Mimi nina uchungu na mambo haya. Mama mkwe wangu alitolewa damu na kikundi fulani, hatukuona jibu wala mtu. Binti, msitie sahihi kabla hawajasema damu itahifadhiwa wapi, kama itasafirishwa nje, na lini mtapewa majibu. Presha na sukari wayaseme papo hapo. Mzee wa watu akikutwa na presha ya kutisha, wamwandikie barua ya kwenda hospitali, si kujaza karatasi na kuondoka.

Mwana Kalungu:
Mama Zaitun yuko sahihi, lakini tusiwaweke wote kapu moja. Kwetu Kyamulibwa, wilayani Kalungu, watafiti wamekuwa wakizunguka vijijini tangu 1989. Walianza na ukimwi, baadaye wakaingia presha na kisukari, na wamefuatilia pia wazee wanaoishi na virusi. Zamani nani aliwahi kuuliza habari za mzee wa miaka 60 mwenye virusi? Ombeni barua ya idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mpige simu ya kamati ya maadili iliyoandikwa kwenye fomu. Ni namba yenu, itumieni.

Na hao majirani waambieni: pesa za SAGE, yaani zile za serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, zinaanzia miaka 80 na hazihusiani na mahojiano haya.

BintiBombo:
Asanteni sana, nimempigia kaka mkubwa na amekubali tukae na fomu Jumamosi. Bado moja: Mzee ameanza kusahau. Kaka anataka akae pembeni amsaidie kujibu. Inafaa?

Mhojaji wa Zamani:
Kwenye mambo ya matibabu na tarehe, akiomba mwenyewe, sawa. Lakini kuna kipimo cha kumbukumbu: husomewa maneno, mara nyingi kumi, ayataje, kisha baada ya maswali mengine ayataje tena. Hapo kaka asinong'one kitu, hata Mzee akikwama na mkaona huruma. Na maswali ya watoto wanaomsaidia hayajibiki vizuri mwanawe akiwa chumbani. Ombeni ahojiwe kwa lugha anayostarehe nayo, Kinubi au Kiswahili. Halafu muulizeni sasa, akiwa na akili zake timamu, angetaka nani amjibie siku akishindwa, na jina hilo mwape wahojaji.