Tochi ndogo ya kuwindia nguruwe mwitu usiku, Texas

Swali: Ndugu zangu, mwenye shamba mmoja hapa Texas ameniruhusu kuwinda nguruwe mwitu usiku. Natafuta tochi ya kuingia mfukoni inayomulika vizuri hadi mita 150. Je, niangalie lumeni pekee?

Jibu la kwanza: Hapana, kaka. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka, ilhali umbali hutegemea kandela, yaani ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Watengenezaji huandika kwamba kandela 10,000 hufika mita 200, lakini mwanga unaofika huko ni hafifu kama mbalamwezi, na kwa mwanga huo huwezi kutofautisha nguruwe na ndama. Tafuta kandela 40,000 au zaidi.

Jibu la pili: Naunga mkono. Chagua inayotumia betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa sababu huchajiwa tena. Swichi iwe nyuma, uibonyeze kwa kidole gumba hata ukiwa na glavu. Wawindaji wengi hupendelea mwanga wa kijani au mwekundu, kwani mweupe huwashtua nguruwe upesi.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Nitanunua ya kijani.

Jibu la tatu: Tafadhali beba pia tochi ya kichwani ya kutembelea, ili usimulike njia kwa ile ya kijani ukiwa umeifunga kwenye bunduki.