Kodi ileile, laptopu mbili, matokeo mawili. CI inaweza kunikagulia maktaba za ESP32?

Mtotoleshaji
Habari zenu wakuu. Natengeneza vifaa vya kuangalia joto kwenye mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani kuna ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), kihisi cha DS18B20, na SIM800L (modemu ya laini ya simu) ya kutuma data kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi, maana wateja wengi hawana Wi-Fi. Vipo 14 mitaani, vingi Morogoro mjini, viwili Kilosa. Natumia PlatformIO, zana ya kukompaili kodi na kushusha maktaba zake, na kuna kijana mmoja ananisaidia.

Mwezi uliopita laptopu yangu ilimwagikiwa chai. Kijana akavuta kodi kutoka GitHub, akakompaili kwake, akaflashi kifaa cha mteja mmoja. Hakuna kosa hata moja lililotokea. Data za kila dakika kumi zikawa zinafika kwenye seva, tukanywa soda ya mteja tukaondoka. Siku ya nne napigiwa simu: umeme ulikatika usiku, mashine imeshuka hadi nyuzi 33, na yeye hakupata tahadhari yoyote. Trei mbili, mayai ya siku ya 17. Nimemlipa nusu, tumeelewana.

Nimekaa siku mbili kutafuta. Kumbe zamani nilifungua faili la PubSubClient.h, la maktaba ya kutuma MQTT, ndani ya `.pio/libdeps` nikabadilisha ukubwa wa bafa (nafasi ya ujumbe, kwa baiti) kutoka 256 kuwa 512 kwa mkono wangu, nikasahau kabisa. Folda ile haipandi GitHub. Kwa kijana maktaba ikashuka mpya kutoka mtandaoni ikiwa na 256 yake. Ujumbe wa kawaida ni mfupi, unapita. Ujumbe wa tahadhari unabeba na vipimo vya saa nzima iliyopita, unazidi 300. `publish()` ikarudisha false na kodi yangu haikuwa hata inaangalia jibu.

Kwenye platformio.ini niko hivi:

```
platform = espressif32
lib_deps =
  PubSubClient
  ArduinoJson
  TinyGSM
```

Watu wananiambia niweke CI, ile mashine ya mtandaoni inayojenga kodi upya kila ukiipandisha. Mimi CI naijua kama mambo ya watu wa tovuti. Kwa vifaa 14 si kuchinja kuku kwa panga la mkonge? Na je, ingeliona kosa langu?

Nyaya_Tatu
Pole sana mkuu, hasa kwa mayai.

Nikujibu swali la mwisho kwanza, maana wengi watakupamba: CI ya kukompaili peke yake isingeliona. Kwa kijana ilikompaili safi, na kwenye CI ingekompaili safi vilevile. Ungepata tiki ya kijani na tahadhari isingetoka.

Kabla ya CI una magonjwa mawili ya kutibu. La kwanza, kamwe usihariri kitu ndani ya libdeps. Ile ni folda ya kutupwa, PlatformIO inaweza kuifuta na kuijaza upya wakati wowote. Tangu toleo la 2.8 PubSubClient ina `client.setBufferSize(512)`, iweke kwenye setup yako na habari iishe.

La pili ni hiyo lib_deps. Umetaja majina matupu. Jina tupu maana yake "nipe jipya lililopo leo", na leo ya kwako si leo ya kijana. Kibaya zaidi, maktaba mbili za watu tofauti zinaweza kuwa na jina moja. Andika mwenye maktaba na namba kamili:

```
platform = espressif32@6.5.0
lib_deps =
  knolleary/PubSubClient@2.8
  bblanchon/ArduinoJson@6.21.3
  vshymanskyy/TinyGSM@0.11.7
```

Angalia hakuna alama ya `^` hapo. Ukiandika `@^6.21.3` umesema toleo lolote la 6 kuanzia hapo kwenda juu. Namba tupu ndiyo inayofunga.

pwani_firmware
Kaka Nyaya amesema kweli, ila mimi naona anaidharau CI kidogo. Niko Mombasa, nafanya mita za maji za matangi, na thamani ya CI kwangu si kukompaili. Ni kwamba ile mashine haina kumbukumbu. Kila inapoamka haina libdeps yako, haina maktaba uliyoweka mwaka juzi ukasahau, haina faili ulilohariri usiku wa manane. Inajua kilichoandikwa tu. Shida yako Mtotoleshaji ni kwamba laptopu yako ilikuwa inajua mambo ambayo repo (hifadhi yako ya kodi GitHub) haijui.

Faili lenyewe ni fupi, liweke `.github/workflows/jenga.yml`:

```
on: [push]
jobs:
  jenga:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - uses: actions/setup-python@v5
        with:
          python-version: '3.11'
      - run: pip install platformio
      - run: pio run -e esp32
      - run: pio pkg list -e esp32
```

Huo mstari wa mwisho usiuache. Unaandika kwenye logi maktaba zote zilizotumika na matoleo yake, pamoja na zile zilizokuja kwa kuvutwa na wenzake. PlatformIO haina faili la kufuli kama dependencies.lock la ESP-IDF (zana rasmi za ESP32), kwa hiyo logi hiyo ndiyo ushahidi wako. Ukitaja DallasTemperature, OneWire inakuja nyuma yake bila kualikwa na bila namba uliyoifunga wewe. Itaje na yenyewe, uifunge.

Halafu bando! Kompaila na vifaa vyake vya ESP32 ni mamia ya megabaiti. Hapo anashusha GitHub, si wewe. Repo ya wazi hulipi, na repo ya siri kwenye akaunti ya bure una dakika 2,000 kwa mwezi. Kwa vifaa 14 hutazimaliza.

MzeeWaSolda
Vijana mnapenda kuzunguka mbuyu. Mimi maktaba zote nanakili kwenye folda ya `lib/` ya mradi, napandisha GitHub pamoja na kodi, basi. Hakuna intaneti, hakuna CI, hakuna toleo jipya la kuniamsha. Mnakumbuka Machi 2016, left-pad? Mistari 11 tu ya JavaScript, mwenyewe akaiondoa npm (ghala la maktaba za JavaScript), miradi ya dunia nzima ikagoma kujengeka. Kilicho kwangu hakuna wa kukiondoa.

Nyaya_Tatu
Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa left-pad sina ubishi, kunakili kunakukinga. Lakini nikuulize kwa heshima: hiyo ArduinoJson iliyo kwenye lib/ yako ni toleo gani, na kuna mahali umeihariri?

MzeeWaSolda
Marahaba. Toleo la 5 hilo. Kuhariri… kidogo.

Nyaya_Tatu
😄 Ndiyo hapo. Siku ukichukua mfano wowote wa leo, DynamicJsonBuffer haipo tena, ilikufa toleo la 6. Na ulichohariri hakuna anayekijua ila wewe. Nakili, sawa, lakini nakili toleo ulilolitaja, na mabadiliko yako yawe komiti yenye maelezo.

dada_wa_bodi
Naomba nirudi kwenye swali la mwenye uzi, maana mmeligusa mkapita: CI ingeliona vipi *hili* kosa? Kwa jaribio. Kodi ya kutengeneza ujumbe haihitaji ESP32. ArduinoJson inakimbia kwenye kompyuta ya kawaida, kwa hiyo tenga ile function inayojenga ujumbe wa tahadhari iwe kwenye faili lake, ongeza `[env:native]` yenye `platform = native`, halafu jaribio liwe hivi:

```
void test_tahadhari_inaenea() {
  JENGA_TAHADHARI_KUBWA(doc);
  size_t n = measureJson(doc) + strlen(MADA) + 7;
  TEST_ASSERT_LESS_OR_EQUAL(UKUBWA_BAFA, n);
}
```

Hiyo 7 ni baiti ambazo PubSubClient yenyewe inazihesabu juu ya mada na ujumbe: tano za kichwa na mbili za urefu wa mada. `UKUBWA_BAFA` iwe namba ileile unayoipa setBufferSize, iandikwe sehemu moja tu. Kwenye CI unaongeza `pio test -e native`. Jaza ujumbe kwa hali mbaya kuliko zote: vipimo vyote vipo, joto la tarakimu nyingi, jina la mteja refu kuliko yote uliyonayo. Nilishakuta kifaa kinachofanya kazi kwa "Asha" na kinagoma kwa mteja mwenye majina manne.

Na uangalie jibu la publish(). Likiwa false, washa buza. Hilo halihitaji CI ya mtu.

pwani_firmware
Hapo dada umemaliza. Niongeze mawili. Mtu akikwambia weka kashe (akiba ya mafaili yaliyoshushwa) ili CI iende haraka, weka kashe ya `~/.platformio/.cache` tu. Ukiweka kashe ya `.pio` umerudisha laptopu yako ndani ya CI.

Pili, kufunga namba kuna hatari yake: utakaa miaka mitatu bila kujua dunia imekwenda wapi. Mimi nina kazi ya pili inayoamka mara moja kwa wiki, inajenga na matoleo mapya yote, na nimeiwekea `continue-on-error: true`. Ikigoma hainizuii kazi, inanipa habari tu. Jamaa yangu mmoja anatumia Arduino IDE, alipohamia core ya ESP32 ya 3.0 akakuta `ledcSetup` imeondolewa, siku ambayo mteja amesimama mlangoni. Bora uyajue hayo Jumatatu ukiwa na chai yako. Mbali na laptopu.

Mtotoleshaji
Ahsanteni sana wakuu. Nimeshinda nalo wikiendi nzima.

Kujenga mara ya kwanza: nyekundu. `DallasTemperature.h` haipo. Sikuwa hata nimeitaja kwenye lib_deps! Ilikuwa kwenye `~/.platformio/lib` ya laptopu yangu, na kijana naye aliiweka hivyohivyo kwake kwa mradi mwingine. Mara ya pili: nyekundu, `siri.h` haipo, hilo ni faili la nywila nisilolipandisha. Nimeweka `siri_mfano.h` yenye nywila za uongo, CI inalinakili kabla ya kujenga. Mara ya tatu kijani. Kisha nikaweka jaribio la dada na bafa ya 256 makusudi, likagoma: 338. Nikaiangalia hiyo namba muda mrefu.

Swali moja dogo. Ile kazi ya wiki nimeiandikia ratiba `cron: '0 12 * * 1'` ili iamke Jumatatu saa 12 asubuhi. Leo imeamka saa 9 alasiri. Nimekosea wapi?

dada_wa_bodi
Umeipa saa ya Kiswahili 😂 Cron ya GitHub inasoma UTC, sisi tuko mbele saa tatu. Saa 12 asubuhi yetu kwake ni `0 3 * * 1`.

MzeeWaSolda
Hiyo pio pkg list inakimbia hata bila GitHub? Nataka kuona kitu.